Barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni za konsoli: leseni ikaguliwe mara moja tu

Kwa: Wakurugenzi wakuu wa kampuni zinazotengeneza konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu, na kuendesha maduka ya gemu za kupakua

Nakala: Mamlaka za kulinda walaji na watunga sheria, popote gemu hizo zinapouzwa

YAH: UKAGUZI WA LESENI KUPITIA INTANETI NA UMILIKI WA GEMU ZA KUPAKUA

Ndugu Wakurugenzi,

Ninawaandikia nikiwa mnunuzi. Mimi si mwanasheria, si mhandisi, wala sijawahi kutengeneza gemu hata moja. Nimezinunua tu, nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya mke wangu, na kwa miaka mingi sasa karibu zote nimezichukua kwa kupakua bila kushika diski mkononi. Zote nimezilipia, na risiti zake zimo kwenye barua pepe yangu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kila mazungumzo ya leseni yanapoanza, wezi ndio huletwa mbele kwanza, ilhali barua hii inamhusu mtu aliyelipa, mwenye risiti, ambaye bado anaulizwa kila baada ya muda kama kweli alilipa. Ombi langu ni moja: leseni, yaani idhini ya kucheza, ya gemu ambayo mtu huicheza peke yake ikaguliwe mara moja, wakati wa kununua na kupakua, na baada ya hapo mashine isiulize tena.

Nianze na yaliyonikuta. Niliwahi kukaa majuma kadhaa mahali ambapo intaneti ilikuwa ya kubahatisha, nikimwuguza mzazi wangu. Nilibeba konsoli ndogo niliyokuwa nayo, na ndani yake mlikuwa na gemu saba zilizopakuliwa kamili hadi kipande cha mwisho. Ile niliyokuwa naicheza ilikuwa ya hadithi tupu, haina hata kipengele kimoja cha kushindana na watu wengine mtandaoni. Siku za kwanza ilifunguka bila shida. Usiku mmoja, mgonjwa akiwa amelala, nikawasha mashine na kukuta kwenye kona ya chini ya picha ya gemu ile pamechorwa kufuli dogo. Nilipobonyeza, ukaja ujumbe mfupi kwamba leseni haikuweza kuthibitishwa, na kwamba niunganishe intaneti kisha nijaribu tena. Gemu nyingine sita nazo zilikuwa na makufuli yao.

Asubuhi yake nilitoka nje na konsoli mkononi, nikatembea mpaka simu iliposhika mtandao, nikaiunganisha mashine na simu. Kufuli likatoweka kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Niliangalia kiasi cha data kilichotumika, na kisingetosha kutuma picha moja ya kawaida. Udogo huo ndio ulionikera kuliko usumbufu wenyewe: gigabaiti zote za gemu nilikuwa nazo, nikakosa neno moja tu la ndiyo kutoka kwa seva, kompyuta ya kampuni iliyo mbali, na kwa kulikosa neno hilo, vyote nilivyokuwa navyo vikawa havina kazi.

Baadaye nilijifunza sababu. Mifumo yenu mingi humruhusu mwenye akaunti kuteua konsoli moja kuwa kuu, na katika hiyo gemu zake hufunguka hata bila mtandao. Kwenye mashine nyingine yoyote, sharti aingie kwenye akaunti na mfumo uthibitishe leseni. Konsoli yangu kuu ilibaki nyumbani, ambako wadogo zangu huichezea. Kwa hiyo kosa, kama ni kosa, lilikuwa langu: niliondoka na mashine isiyo kuu. Lakini hakuna aliyenieleza hayo nilipokuwa nalipa. Kitufe kiliandikwa “Nunua”, nami nikanunua.

Sikatai kwamba kanuni hiyo ina sababu zake. Bila kikomo chochote, akaunti moja ingeweza kugawanywa kwa watu ishirini, kila mmoja akizima intaneti yake na kucheza gemu moja iliyolipiwa na mtu mmoja. Ipo pia hila ya kununua, kupakua, kuzima mtandao, kisha kuomba kurejeshewa fedha kupitia tovuti huku gemu ikibaki kwenye mashine. Haya yapo, na anayesema hayapo hajakaa na vijana. Hoja yangu ni kwamba hila hizo zote mbili zina mwisho. Muda wa kuomba fedha ukishapita, hila ya pili imekufa. Na ya kwanza huzuiwa na idadi ya mashine, kwamba leseni hii inaishi katika konsoli moja au mbili zilizotajwa, basi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji mnunuzi akaguliwe miaka saba baada ya kununua.

Tena ukaguzi wenyewe hutegemea vitu dhaifu kuliko mnavyotuambia. Leseni yenye muda hutegemea tarehe, na tarehe hutegemea saa iliyo ndani ya konsoli. Saa hiyo imewaumbua mara kadhaa. Mwishoni mwa Februari 2010, konsoli za PlayStation 3 za muundo wa awali, ile minene, zilidhani kwamba 2010 ni mwaka mrefu wenye siku ya 29 Februari. Kwa takriban siku nzima wenye mashine hizo walikuwa wakipata msimbo wa hitilafu 8001050F, wakashindwa kuingia kwenye mtandao wa PlayStation, na wengine wakashindwa kufungua gemu hata zile zisizohitaji mtandao. Kampuni iliwashauri watu wasiziwashe. Kisha tarehe ikasogea na mashine zikapona zenyewe, kama homa. Watu walicheka yalipokwisha, lakini siku hiyo kalenda iliyokosewa ilifunga mali ya watu walioilipia.

Mwaka 2021 likafuata jambo la betri, na hili naomba mnivumilie nikalieleza taratibu, kwa maana linaonyesha tatizo lote katika kitu kinachoenea kwenye kidole. Ndani ya PlayStation 4 mna betri ya mviringo, mfano wa sarafu, ambayo kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea konsoli ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Betri za aina hiyo huisha, kila mtu aliyewahi kuwa na saa ya mkononi analijua hilo. Wapenzi wa kuhifadhi gemu waligundua kwamba betri hiyo ikiisha au ikitolewa, konsoli huacha kuiamini saa yake mpaka iunganishwe na seva za kampuni ili ipewe saa sahihi. Na isipoipata, gemu zilizopakuliwa hazifunguki, wala za diski hazifunguki. Mtu angeweza kuwa na diski mkononi, halali, safi, haina mkwaruzo, akaambiwa hapana na betri ya bei ya chini kabisa katika mashine nzima. Fikirini siku ambapo betri zote zimeisha na seva zimezimwa: kila PlayStation 4 duniani ingebaki sanduku la plastiki.

Kampuni ililirekebisha hilo kimya kimya katika sasisho la 9.00, Septemba mwaka huohuo. Nawapongeza waliofanya kazi hiyo. Lakini tukio hilo linathibitisha mambo mawili: kwamba kizuizi hicho hakikuwa cha lazima, maana kiliondolewa kwa sasisho moja na hakuna biashara iliyoanguka, na kwamba kisingeondolewa kama watu wa nje wasingekigundua wakati kampuni bado ilikuwa na sababu ya kusikiliza.

La tatu ni la kuchekesha kidogo. Aprili 2022, baadhi ya walionunua nakala ya kupakua ya Chrono Cross kwa ajili ya PlayStation 3 na konsoli ya mkononi ya Vita walikuta gemu yao imekwisha muda tangu tarehe 31 Desemba 1969. Gemu hiyo ilitoka 1999, na kampuni iliyoiuza haikuwa hata na konsoli mwaka 1969. Wajuzi wa kompyuta walielewa mara moja: mifumo mingi huhesabu muda kuanzia 1 Januari 1970, kwa hiyo mahali palipotakiwa kuwa na tarehe palikuwa na sifuri, na sifuri hiyo, ikisomwa kwa saa za Marekani, huangukia jioni ya siku iliyotangulia. Sifuri moja kwenye jedwali la leseni ikamgeuza mnunuzi kuwa mpangaji aliyechelewa kodi kwa zaidi ya nusu karne.

Sikusanyi haya ili kuwaaibisha wahandisi wenu. Mashine zote hukosea. Ninachosema ni kwamba mkosaji anapokuwa mfumo wa leseni, mnaweka gharama ya kosa upande wa aliyelipa. Mfumo usipokuwa na uhakika, hujibu hapana. Kwa nini usijibu ndiyo? Mtu ambaye leseni yake ilishathibitishwa mara mia, siku ya mia na moja seva isipojibu, haki ya shaka iende kwake.

Seva nazo huanguka. Tarehe 20 Aprili 2011 mtandao wa PlayStation ulizimwa baada ya kuvamiwa na wadukuzi, data za akaunti zipatazo milioni 77 zikiwa hatarini, na huduma hazikuanza kurejea mpaka katikati ya Mei. Katika kipindi hicho gemu mbili za Capcom kwenye PlayStation 3, Bionic Commando Rearmed 2 na Final Fight: Double Impact, zilikuwa hazifunguki kabisa, kwa sababu zilitaka kuona kwanza kwamba mtu ameingia kwenye mtandao ambao haupo. Machi 2022 sehemu ya kucheza peke yako katika gemu ya magari ya Gran Turismo 7 ilifungwa kwa zaidi ya saa 30 pamoja na seva zake. Mei mwaka huohuo wenye Xbox nao walipata siku zao za kushindwa kufungua gemu walizonunua, mtandao wa kampuni ulipoyumba. Hakuna kati yao aliyekuwa amekosa kulipa.

Wakubwa wenyewe mnajua jinsi wateja wanavyolipokea jambo hili likisemwa waziwazi. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One ingelazimika kuwasiliana na seva zake walau mara moja kila saa 24, na kila saa moja kama mtu angekuwa anachezea kwenye mashine ya mwenzake, la sivyo gemu zisingechezeka. Hasira za watu zilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe 19 Juni, kabla konsoli haijaingia sokoni, mpango huo ulifutwa. Wengi tulidhani jambo limekwisha. Kumbe lilirudi polepole, kipande kwa kipande, chini ya majina ya upole, mpaka leo mtu akinunua diski hana hakika kama amenunua gemu au amenunua kibali cha kwenda kuipakua. Kadi za ufunguo za Nintendo Switch 2, zilizoanza kuuzwa 2025, angalau zinasema kwenye boksi kwamba gemu haimo ndani na itapakuliwa. Kwa ukweli huo nawashukuru. Kisomeo cha diski cha PlayStation 5 kinachouzwa peke yake hutaka intaneti siku ya kukifunga, eti kitambulishwe kwa konsoli. Mtu anajiuliza kisomeo kinatambulishwa kwa nani, ikiwa vyote viwili viko juu ya meza yake. Upande mwingine, Septemba 2022 Xbox Series X iliondoa sharti la kukagua mtandaoni diski nyingi za kizazi kilichotangulia, na anga halikuanguka.

Sasa nije kwenye neno “nunua”, kwa kuwa hapo ndipo tunapotofautiana zaidi. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa jambo hili. Kuna kununua, kuna kukodi, kuna kuazima, kuna kupangisha, na kila moja lina haki zake na mipaka yake, hata mtoto anazijua. Aliyekodi anajua siku ya kurudisha. Aliyeazima anajua kwamba mwenyewe anaweza kuja kudai wakati wowote, na ndiyo maana wazee walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Ninyi mmeuza kwa bei ya kununua, mkaandika kitufe cha kununua, mkatoa risiti ya mauzo, halafu ndani ya kurasa za masharti ambazo hakuna mtu mwenye shughuli zake anayezisoma, mkasema kwamba hakikuuzwa kitu ila ruhusa inayoweza kuondolewa. Sisemi mmevunja sheria. Nasema kwamba kama ruhusa ndiyo bidhaa, kitufe kingesema hivyo, na bei ingefikiriwa upya.

Jimbo la California limelitazama jambo hili. Sheria yake iitwayo AB 2426, iliyotiwa saini Septemba 2024 na kuanza kutumika 1 Januari 2025, inamzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua pasipo kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Lakini someni kilichoachwa nje ya sheria hiyo: bidhaa ambayo mnunuzi anaweza kuipakua na kuitumia daima bila mtandao haiguswi nayo. Yaani watunga sheria wale walikubali kwamba aliyepakua kitu kisichoulizwa tena, huyo amenunua. Mpaka wanaouchora wao ndio huu ninaouomba mimi. Nyongeza yangu ni kwamba onyo halitoshi. Mtu akionywa kwamba paa linavuja, bado analowa.

Kwa waliopata nakala ya barua hii nina maneno machache. Uhuru wa mnunuzi kufanya atakalo na nakala yake ni wa siku nyingi. Mahakama Kuu ya Marekani iliuthibitisha 1908 katika kesi ya kitabu, Bobbs-Merrill dhidi ya Straus, iliposema mchapishaji hawezi kumpangia bei mtu anayeuza tena nakala aliyoinunua. Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la UsedSoft na Oracle, ilisema programu iliyopakuliwa kwa leseni isiyo na ukomo imeuzwa, na aliyeinunua anaweza kuiuza. Ikaonekana mlango umefunguka, lakini Desemba 2019 mahakama hiyohiyo ikakataa kuupitishia vitabu vya kielektroniki. Nchini Ufaransa chama cha walaji cha UFC-Que Choisir kilishinda dhidi ya Valve, kampuni yenye duka la gemu za kompyuta la Steam, mwaka 2019 juu ya haki ya kuuza tena gemu za kupakua, kikashindwa kwenye rufaa 2022, na mahakama ya juu ikaufunga mjadala 2024. Kwa hiyo mahakama zimesema zilichoweza kusema kwa sheria zilizopo, na kilichobaki ni cha kutungwa. Mimi binafsi kuuza tena si kilio changu kikubwa. Kama sheria itanipa haki ya kuendelea kucheza nilichonunua, ya kuuza tunaweza kuipigania siku nyingine.

Na kuendelea kucheza ndiko kulikowakusanya watu. Kampuni ya Ubisoft ilizima seva za gemu yake ya magari, The Crew, tarehe 31 Machi 2024, chini ya miaka kumi tangu gemu hiyo ianze kuuzwa Desemba 2014, na kwa kuwa ilitaka seva hata kwa anayeendesha gari peke yake barabarani, walioinunua walibaki na jina tu kwenye orodha. Kutokana na hapo Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, alianzisha kampeni ya kutaka gemu ziachwe katika hali ya kuchezeka zinapostaafishwa, na kufikia Julai 2025 ombi rasmi la raia wa Umoja wa Ulaya juu ya jambo hilo lilikuwa limepita saini milioni moja zinazohitajika. Watu milioni moja si rahisi kuwapata kwa jambo la burudani. Walioweka saini hawakudai seva ziendeshwe milele. Walidai kwamba anayeondoka asiondoke na ufunguo.

Maduka nayo yanafungwa. Ya Nintendo 3DS na Wii U yaliacha kuuza 27 Machi 2023, na la Xbox 360 likafuata 29 Julai 2024. Waliokwisha kununua waliambiwa bado wanaweza kupakua walivyonavyo. Sina ugomvi na duka kufungwa, bidhaa zote huzeeka. Ninachouliza ni nini kitatokea siku ile ya pili, ambayo haitangazwi kwa sherehe, ambapo seva inayojibu “ndiyo, huyu alilipa” nayo itachomolewa. Je, sasisho la mwisho la kuondoa ukaguzi limeshaandikwa? Au litaandikwa na timu ambayo wakati huo itakuwa imeshahamishiwa kazi nyingine, kwa bajeti ambayo itakuwa imeshafutwa?

Kwamba jambo hilo linawezekana, tumeliona. Google ilipofunga Stadia, huduma yake ya kucheza gemu kupitia intaneti, Januari 2023, ilirudisha fedha za gemu, na zaidi ya hapo ikatoa zana ya kufungua Bluetooth iliyokuwa imefungwa ndani ya pedi zake ili watu waendelee kuzitumia kwenye kompyuta na simu. Sony ilipoizima gemu yake ya mtandaoni, Concord, Septemba 2024, majuma mawili tu baada ya kuitoa, iliwarudishia wanunuzi fedha zao. Na duka la GOG limekuwa likiuza gemu za kompyuta tangu 2008 bila ukaguzi wa aina yoyote, faili ni lako, lihifadhi utakapo. Bado lipo na bado linauza. Mtaniambia kompyuta si konsoli. Kweli, konsoli ni yenu kuanzia chipu mpaka duka, na hivyo ninyi ndio mlio katika nafasi rahisi zaidi ya kufanya ninachoomba.

Serikali ya Marekani nayo imewahi kukiri kwamba tatizo lipo. Tangu 2015, kanuni zinazotolewa chini ya Maktaba ya Bunge huruhusu mwenye gemu halali kupita kizuizi cha ukaguzi pale mwenye hakimiliki anapokuwa ameiacha seva ya kuthibitisha. Ila kuuvunja mfumo wa konsoli yenyewe kumeruhusiwa kwa maktaba, makumbusho na hifadhi za nyaraka tu, kwa ajili ya uhifadhi. Mtu wa kawaida wa konsoli amepewa ruhusa ya kuingia chumbani, akanyimwa ya kufungua mlango wa nyumba.

Hivyo basi naomba mambo yawe hivi. Gemu ikinunuliwa na kupakuliwa, konsoli iandike leseni ya kudumu ndani ya mashine hiyo, isiyo na tarehe ya kwisha na isiyotazama saa. Kama mnaogopa hila ya kurejeshewa fedha, kagueni mara ya pili muda wa kurejesha ukishapita, na huo uwe ukaguzi wa mwisho. Nitaungana na mtandao siku hiyo bila kunung'unika. Kwa mashine ya pili, ambayo naelewa mnataka kuiwekea mipaka, muda wa kukaa bila mtandao uwe mrefu wa kutosha safari au ugonjwa, na siku zilizobaki zionekane kwenye skrini kando ya picha ya gemu, ili mtu asilijue kufuli usiku wa manane. Ukaguzi wa diski uondolewe kabisa, diski yenyewe ni leseni. Na kwa kila konsoli inayouzwa leo, sasisho la kuondoa ukaguzi liandikwe sasa, lijaribiwe sasa, na nakala yake ikabidhiwe kwa taasisi ya uhifadhi inayoaminika, kwa sharti kwamba itatolewa siku seva zitakapozimwa au kampuni itakapofilisika. Gemu za ushindani mtandaoni siziingizi humu. Hizo kwa asili zinahitaji seva, na mjadala wake ni mwingine.

Najua barua hii itaangukia kwanza mezani kwa mtu wa huduma kwa wateja, ambaye ana jibu lililoandaliwa tayari linaloanza na shukrani kwa maoni yangu na kumalizikia na kiungo cha ukurasa wa kuteua konsoli kuu. Namwomba asilitume. Konsoli kuu nimeshaijua, nimeiteua, na hatukosani juu ya namna ya kuiteua.

Ninasubiri jibu lenu nyinyi wenyewe, na ningependa lianze na tarehe: ni lini mashine niliyonayo sasa, ambayo gemu zote zilizomo nimezilipia, itaacha kuniuliza?

Wenu,

Mnunuzi mwenye risiti